Faili ipi husukuma mabaki machache zaidi kupita ncha ya mzizi wa jino?

Swali: Mimi ni daktari wa meno, mwaka wangu wa nne kazini, na matibabu ya mzizi huchukua karibu nusu ya siku zangu. Hutumia faili za mkono za chuma cha pua (vyombo vyembamba vya kukwangua na kupanua mfereji ulio ndani ya mzizi) pamoja na seti ya faili za mota zinazozunguka mfululizo. Sasa ninashawishiwa kuhamia mfumo wa faili moja inayozunguka kwa kwenda na kurudi. Nimesoma majaribio kadhaa ya maabara. Moja linasema faili hizo husukuma mabaki mengi zaidi nje ya ncha ya mzizi, jingine linasema husukuma machache. Niamini lipi? Na kwa jino ambalo kiini chake, yaani tishu laini ya ndani, kimeshakufa na kuoza, si salama zaidi nikiishia milimita 2 kabla ya ncha ili nisisukume chochote nje?

Jibu: Daktari, hakuna faili iliyowahi kupimwa kwa uangalifu ikaonekana haisukumi kitu nje ya ncha. Kila namna ya kupanua mfereji hutoa mabaki fulani upande usiotakiwa, na swali lililobaki ni kiasi gani na yamebeba nini. Kwa maabara, mshindwa anajulikana: ni faili ya mkono inayotumika kwa mwendo wa kusukuma na kuvuta mpaka mwisho wa mfereji. Kati ya mota inayozunguka mfululizo na ile ya kwenda na kurudi, ushahidi umegawanyika kweli kweli, na umegawanyika kwa sababu zinazoelezeka. Kwa maoni yangu mgawanyiko huo hautoshi kumfanya mtu abadilishe mfumo anaoumudu. Una sababu nyingine nzuri za kupenda faili moja badala ya tano, kama vile muda na idadi ya vyombo vya kusafisha, lakini hii ya mabaki isiwe ndiyo hoja ya kukutoa fedha mfukoni.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya mfereji. Faili inapokata, hutoa chenga laini za dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayouzunguka mfereji. Chenga hizo huchanganyika na vipande vya kiini, na bakteria ikiwa wapo, na dawa ya kuoshea, zikawa tope zito la rangi ya kijivu au nyeupe. Tope hilo lina njia mbili za kutoka: kupanda kupitia mitaro ya faili mpaka kwenye taji la jino, au kushuka kupitia tundu la ncha na kuingia katika tishu zinazozunguka mzizi. Faili inayozungushwa hufanya kama kekee inayotoboa ubao. Mitaro yake ya mzunguko hupandisha unga juu kadiri inavyokata. Faili inayosukumwa na kuvutwa bila kuzungushwa hufanya kama pistoni ndani ya bomba la sindano, hasa pale inapokaribia kulingana na upana wa mfereji: kila inaposhuka, kilicho mbele yake hakina pa kwenda ila mbele zaidi. Tofauti hii ya kimaumbile ndiyo iliyoonekana wazi mwaka 1995, watafiti Al-Omari na Dummer walipolinganisha mbinu 8 za kuandaa mfereji kwa mkono. Mbinu zilizotegemea kusukuma na kuvuta zilitoa mabaki mengi zaidi kuliko zile zilizokuwa na mzunguko ndani yake, na mbili zilizofanya vizuri zilikuwa ile ya nguvu sawia, ambayo faili huzungushwa mbele kisha nyuma, aliyoieleza Roane mwaka 1985, na ile ya kuanzia juu kwenda chini bila kukandamiza. Angalia kwamba zote mbili hutumia faili za mkono. Kwa hiyo mkono wenyewe haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mwendo wa mkono.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu ya simu ile ya usiku. Mgonjwa aliyeondoka bila maumivu, au na maumivu kidogo, anapiga baada ya saa chache au siku moja akiwa na jino lisilogusika na shavu lililovimba. Tafiti za kitabibu hazikubaliani ni mara ngapi jambo hilo hutokea, kwa sehemu kwa kuwa hazikubaliani lipi lihesabiwe. Nyingine zimepata chini ya wagonjwa 2 kwa kila 100, na uchambuzi mmoja uliounganisha tafiti kadhaa, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata karibu 8 kwa kila 100. Mabaki yaliyosukumwa nje yanahesabiwa kuwa miongoni mwa visababishi vikuu, ingawa hayako peke yake. Dawa ya kuoshea iliyovuka ncha, kupanua mfereji kupita urefu wake, na kuacha nusu ya uozo ndani huku mazingira ya bakteria waliobaki yakibadilika, yote hayo huweza kumwamsha mgonjwa usiku uleule.

Hapa pana jambo ambalo majaribio ya mizani hayawezi kukuonyesha. Chenga za dentini safi kutoka kwenye jino ambalo kiini chake kilikuwa hai ni kitu ambacho mwili kwa kawaida hukivumilia. Kiasi hichohicho kutoka kwenye mfereji uliojaa bakteria ni jambo jingine kabisa. Jino lenye kidonda cha muda mrefu kwenye ncha limekwisha kufikia aina ya maafikiano na mwili: bakteria wako ndani, kinga iko nje, na hakuna anayesonga mbele. Ukisukuma mzigo wa bakteria kuvuka mpaka huo kwa mkupuo mmoja, unayavunja maafikiano hayo. Ndiyo maana mtu anaweza kusukuma mabaki mengi katika jino moja na mgonjwa asijue, kisha akasukuma machache katika jino jingine na mgonjwa akavimba. Uzito ni kipimo tunachokipata kwa urahisi, na kinatusaidia, lakini hakipimi sumu.

Sasa majaribio yenyewe, maana swali lako limesimama juu yake. Mengi ya yale uliyosoma yanafuata utaratibu ambao Myers na Montgomery waliueleza mwaka 1991. Unachukua kijichupa kidogo cha plastiki, unakipima kikiwa kitupu mara tatu kwa mizani nyeti ya maabara na kuchukua wastani. Unatoboa kizibo, unapitisha jino lililong'olewa mpaka mzizi uning'inie ndani ya kijichupa, na unachomeka sindano nyembamba kando ya jino ili hewa ya ndani na ya nje iwe na shinikizo moja. Kijichupa kinafichwa ndani ya chupa kubwa zaidi ili anayepanua mfereji asione kinachoshuka. Anapomaliza, mzizi unaoshwa kwa nje kwa mililita 1 hivi ya maji yaliyotoneshwa ili mabaki yaliyong'ang'ania ncha yaingie kijichupani, kisha kijichupa kinawekwa kwenye tanuri la maabara, mara nyingi kwa nyuzi 70 kwa siku kadhaa, mpaka maji yote yaishe. Kinachobaki chini ni utando mwembamba wa unga ambao ukikiinua kijichupa kwenye mwanga unauona kama vumbi lililoganda ukutani. Unakipima tena, unatoa uzito wa kwanza, na tofauti ndiyo jibu lako.

Tofauti hiyo kwa kawaida ni sehemu tu ya miligramu. Niliwahi kushiriki kazi ya namna hii nilipokuwa mwanafunzi, na tukalazimika kutupa kundi zima la vijichupa kwa sababu mmoja wetu alivishika bila glavu baada ya upimaji wa kwanza. Mafuta ya vidole na unyevu wa hewa vina uzito, na kwenye mizani ile vinaonekana. Tangu hapo, ninaposoma jaribio lolote la aina hii, jambo la kwanza ninalolitafuta ni namna vijichupa vilivyoshikwa na kukaushwa, na mwandishi asiyelieleza hilo huwa namsoma kwa mashaka.

Yapo makubwa kuliko vidole. Jino lililoning'inizwa juu ya kijichupa kitupu halina kitu cha kulizuia kutoa mabaki. Uvutano wa dunia unayavuta chini na hakuna tishu inayoyarudisha. Ndani ya taya, ncha ya mzizi imezungukwa na utando na mfupa vinavyoleta ukinzani, na pale penye kidonda ukinzani huo hubadilika. Watafiti wengine wamejaribu kuziba pengo hilo kwa kuzamisha ncha katika jeli ya agari, kwa kawaida yenye nguvu ya asilimia 1.5, au katika sponji laini, lakini kila kimoja kina kasoro yake, kwani sponji yenyewe hunyonya maji na mabaki. Kisha kuna suala la dawa ya kuoshea. Katika kliniki tunatumia hipokloriti ya sodiamu. Maabara nyingi hutumia maji yaliyotoneshwa, na kwa sababu ya msingi: hipokloriti ikikauka huacha fuwele za chumvi ambazo mizani haiwezi kuzitofautisha na dentini. Mwenye kutumia hipokloriti anapima chumvi, na mwenye kutumia maji anaacha kupima kinachotokea kliniki, ambako dawa huyeyusha sehemu ya tishu kabla haijasukumwa. Hakuna aliyekosea hapo. Ila nambari zao hazilinganishwi.

Lakini chanzo cha mkanganyiko ninachokiona kikubwa kuliko vyote kinahesabika kwa kalamu na karatasi, na ninashangaa ni mara chache mno kinatajwa. Chukua mfereji wa duara ambao katika milimita 3 za mwisho una umbo la faili namba 15 yenye mchongoko wa asilimia 2, yaani milimita 0.15 kwenye ncha na milimita 0.21 milimita 3 juu yake. Upanue mpaka namba 25 yenye mchongoko uleule wa asilimia 2. Utakuwa umeondoa dentini ya takribani milimita za ujazo 0.11 katika milimita hizo 3. Sasa upanue mpaka namba 25 hiyohiyo, lakini yenye mchongoko wa asilimia 8, kama ilivyo faili moja ya mifumo mingi ya kwenda na kurudi katika sehemu yake ya mwisho. Ncha ni ileile, lakini umeondoa takribani 0.26. Ni zaidi ya mara mbili ya chenga, zote zikizalishwa jirani kabisa na tundu la ncha. Mtu akikuambia kwamba faili ya pili ilisukuma mabaki zaidi, kabla hujaulaumu mwendo wa mota, uliza kwanza ilikata kiasi gani. Majaribio yanayolinganisha mifumo miwili yenye namba sawa kwenye ncha, lakini michongoko tofauti, kwa sehemu yanalinganisha wingi wa dentini iliyokatwa.

Ukiwa na hayo akilini, matokeo yanayopingana yanaanza kusomeka. Mwaka 2012 Bürklein na Schäfer walitumia meno 80 ya mbele ya taya la chini, wakalinganisha Reciproc na WaveOne, ambazo ni faili moja za kwenda na kurudi, dhidi ya Mtwo na ProTaper, ambazo ni seti za faili kadhaa zinazozunguka mfululizo. Faili za kwenda na kurudi zilisukuma mabaki mengi zaidi, na Reciproc ilizidi nyingine zote. Jaribio hilo ndilo lililozaa tahadhari ambayo pengine uliisikia darasani. Miaka mitatu baadaye De-Deus na wenzake walichapisha matokeo yaliyoelekea upande mwingine: faili moja za kwenda na kurudi zilitoa mabaki machache kuliko seti ya kawaida ya faili nyingi. Tangu hapo yamefuata majaribio mengi, na mtu anayetaka ushahidi wa upande wowote ataupata.

Nadharia za pande zote mbili zina mantiki. Anayeogopa faili ya kwenda na kurudi husema hivi: Reciproc hukata kwa nyuzi 150 kisha hurudi nyuzi 30, WaveOne hukata kwa nyuzi 170 na kurudi 50. Kila moja husonga mbele nyuzi 120 kwa kila mzunguko mdogo, kwa hiyo hukamilisha duara zima baada ya mizunguko mitatu. Ile hatua ya kurudi nyuma hugeuza kazi ya mitaro, na badala ya kupandisha chenga inaweza kuzikandamiza kuelekea chini. Tena faili moja yenye mchongoko mkubwa inalazimika kufanya kazi ya faili nne au tano, na kwa kuwa inajaa haraka, kinachozidi kinashuka. Anayeitetea husema kwamba faili nyingi maana yake ni safari nyingi za kufika kwenye ncha, na kila safari ni nafasi mpya ya kusukuma. Faili moja hufika pale mara chache. Husema pia kwamba mwendo wa kwenda na kurudi ni ndugu wa ile mbinu ya nguvu sawia ya mkono ambayo mwaka 1995 ilifanya vizuri. Mimi naona hoja zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na kwamba ipi inashinda katika jaribio fulani hutegemea aina ya jino, upana wa tundu la ncha, kiasi cha maji, na mtu aliyeshika mota.

Kwa hiyo ukitaka kujua uamini jaribio lipi, usianze na hitimisho. Tazama kama meno yalikuwa ya aina moja na kama upana wa ncha ulihakikishwa kabla ya kuyagawa, kwa mfano kwa kukubali tu mifereji ambayo faili namba 15 inakaa sawasawa bila kupita. Tazama kama vikundi vyote vilimalizia namba moja na mchongoko unaokaribiana. Tazama kiasi cha maji: kikundi cha faili tano kikioshwa baada ya kila faili na kikundi cha faili moja kikaoshwa mara moja, tayari umelinganisha uoshaji. Na tazama nani alipanua. Mtu mmoja kwa vikundi vyote ni bora kuliko watu wawili, hata kama huyo mmoja ana mazoea na mfumo mmojawapo. Jaribio likifaulu hayo yote, tofauti yake ina uzito kwangu, hata ikiwa ndogo.

Nitoke maabara nije kwenye kiti chako, kwa sababu huko ndiko nafasi kubwa ya kuboresha ilipo. Mambo unayoyafanya kwa mkono wako hubadilisha kiasi cha mabaki kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti ya faili.

La kwanza ni mpangilio. Fungua theluthi ya juu ya mfereji, kisha ya kati, uoshe vizuri, ndipo ushuke kwenye ncha. Katika jino lililooza ndani, sehemu kubwa ya bakteria iko huko juu, na faili inayotumbukizwa moja kwa moja mpaka chini hupita katikati ya uozo huo na kuubeba. Kupanua juu kwanza pia hutengeneza nafasi ya chenga kupanda na ya dawa kushuka. Hili ni la muhimu zaidi kwako unayefikiria faili moja, kwa sababu jina lenyewe linamshawishi mtu aishushe mpaka mwisho kwa pumzi moja. Faili hizo zimetengenezewa mwendo wa kudonoa: kushuka na kupanda kwa kina kisichozidi milimita 3, mara tatu, kisha kutoka nje.

Inapotoka nje, itazame. Mitaro iliyo karibu na ncha utaikuta imejaa ute wa kijivu uliobanana kiasi kwamba huoni umbo la faili. Faili katika hali hiyo haina mahali pa kuweka chenga nyingine, na ukiirudisha ndani ilivyo, inakuwa pistoni hata kama mota inaizungusha kwa ustadi gani. Ichomeke kwenye sponji yenye dawa, izungushe, itoe, hakikisha chuma kinang'aa kati ya mtaro na mtaro. Kisha osha mfereji, pitisha faili ndogo namba 10 kuhakikisha njia iko wazi, osha tena, ndipo uendelee. Nimewaona madaktari wenye uzoefu wa miaka wakipangusa faili kwa pamba mkavu mara moja tu kwa mfereji mzima, halafu wakalaumu mfumo.

Kuhusu hiyo faili namba 10 inayopitishwa kidogo kupita ncha, wapo wanaoipinga kwa madai kwamba yenyewe inasukuma mabaki. Ukiipitisha kwa upole, kwa nusu milimita hadi milimita 1, bila kuitumia kukata, hoja hiyo haina nguvu. Na mfereji ulioziba kwa chenga zilizoshindiliwa mwishoni ni balaa zaidi, kwa sababu daktari huanza kusukuma kwa nguvu ili kurudisha urefu aliopoteza, na kizibo kile kikiachia, kinatoka chote kwa pamoja.

Uoshaji una sura mbili. Vande Visse na Brilliant walionyesha mwaka 1975 kwamba mfereji ukipanuliwa bila maji yoyote haukutoa nje mabaki yanayoweza kukusanywa, ilhali ukipanuliwa kwa maji uliyatoa. Mtu mvivu anaweza kujifariji kwa matokeo hayo kwamba asioshe. Asifanye hivyo, mfereji mkavu hujaa chenga na huziba, na bakteria hawaguswi. Somo lililomo ni kwamba maji ndiyo gari linalobeba mabaki, kwa hiyo dereva wa gari hilo ni wewe na kidole gumba chako. Tumia sindano nyembamba yenye tundu pembeni na ncha iliyozibwa, isimamishe angalau milimita 2 juu ya urefu wako wa kazi (kina unachokusudia faili ifike), isibane kwenye kuta, iwe inasogea juu na chini wakati wote, na kidole kisukume taratibu huku kifyonzaji kikiwa mdomoni mwa mfereji. Sindano iliyobana ni hatari kuliko faili yoyote tuliyoijadili. Kwa ncha zilizo wazi mno, vifaa vinavyofyonza dawa kutoka chini ya mfereji badala ya kuisukuma kutoka juu vimeonekana katika majaribio kupitisha dawa kidogo sana nje ya ncha, na kama unavyo, meno hayo ndiyo mahali pake.

Meno mengine yanastahili hofu zaidi. Jino la kijana ambalo ncha yake haijafunga, au lenye ncha iliyoliwa na kidonda cha muda mrefu, halina tena ile sehemu nyembamba inayozuia. Jino linalotibiwa upya lina guta (nyenzo iliyojazwa mferejini katika matibabu ya kwanza) na mabaki ya simenti yaliyochanganyika na bakteria waliozoea mazingira magumu. Hapo toa guta ya juu kwanza bila kimiminika cha kuyeyushia, kwa sababu guta iliyoyeyuka hutiririka popote inapopata njia. Ukikutana na meno haya, punguza kasi, na mwambie mgonjwa kabla hajaondoka kwamba maumivu ya siku moja au mbili yanaweza kuja na jinsi ya kukufikia. Mgonjwa aliyeambiwa huja na maumivu. Asiyeambiwa huja na hasira pia.

Linabaki swali lako la milimita 2. Umewaza sawasawa kwamba umbali una uzito: katika kazi ileile ya Myers na Montgomery ya mwaka 1991, meno yaliyopanuliwa mpaka kwenye tundu la ncha yalitoa mabaki mengi zaidi kuliko yale yaliyoishia milimita 1 kabla yake. Lakini ukiishia milimita 2 katika jino lenye kiini kilichooza, unaacha bakteria mahali pabaya kuliko pote, karibu kabisa na tishu, ndani ya kipande cha mfereji ambacho dawa yako haitafika. Utakuwa umebadilisha uwezekano wa maumivu ya siku mbili kwa uwezekano wa kidonda kisichopona, ambacho utakiona kwenye eksirei ya mwaka unaofuata. Kwa jino ambalo kiini kilikuwa hai na hakina maambukizi, kuishia mbali kidogo kunavumilika. Kwa hilo ulilolitaja, lenga nusu milimita hadi milimita 1 kabla ya tundu, mahali ambapo mfereji kwa kawaida hubanana zaidi, na upate mahali hapo kwa kipimo cha elektroniki kikithibitishwa na eksirei, usikisie kwa hisia ya vidole.

Na kipimo hicho kirudie. Mfereji uliopinda ukiupanua sehemu ya juu unanyooka, na njia iliyonyooka ni fupi kuliko iliyopinda. Faili uliyoifunga kizuizi chake, kile kipete kinachoonyesha kina, kwenye milimita 21 saa moja iliyopita inaweza sasa kuwa inachungulia nje ya ncha ingawa hujagusa kizuizi. Mimi hupima mara tatu: mwanzoni, baada ya kufungua theluthi mbili za juu, na kabla ya faili ya mwisho. Kipimo cha pili ndicho kinachonishangaza mara nyingi, kwa nusu milimita, wakati mwingine zaidi, na nusu milimita hiyo ni nusu nzima ya umbali uliotenganisha makundi mawili ya Myers na Montgomery.